Neno la Siri la Ofisi Nzima

Ipo siku moja isiyonitoka akilini, mwanangu. Siku hiyo mzee Barasa alisimama mbele ya dirisha la ofisi yetu akiwa hai, anapumua, kofia mkononi, nasi tukamwambia kwamba amekufa.

Usicheke. Najua mwanzo huu unachekesha, na hata siku ile wawili watatu walicheka, Mungu awasamehe. Lakini umeniambia umepata kazi, kwamba sasa ni wewe utakayetunza mifumo ya kompyuta katika ofisi ya serikali, na mama yako amepika pilau akaita majirani. Nimekula pilau na nimekupongeza. Ila nilipokusikia unavyozitaja zile mashine, jinsi unavyozisifu kama mtu anayesifia mchumba, nilisema moyoni kwamba huyu lazima nimketishe chini nimpe habari ya Barasa, hata kama watu watasema shangazi Kalekye ameharibu sherehe. Mimi sijawahi kuwa mtu wa kubembeleza, unanijua. Sogeza kiti.

Wakati huo nilikuwa msichana, nimetoka Machakos na cheti changu cha kupiga taipu, nimepata kazi ya ukarani serikalini. Sikuwa bado nimehamia hapa Buruburu. Nilipanga chumba katika ploti moja karibu na Jogoo Road, mahali ambapo upepo ukigeuka tulisikia harufu ya nyama choma kutoka soko la Burma na kumeza mate bure. Upande wa pili wa ukuta wangu aliishi mzee Barasa, mtu wa Bungoma, mrefu na mpole, aliyekuwa fundi wa boila katika karakana ya serikali hadi akastaafu. Mkewe, Mama Nekesa, aliuza mboga na omena. Binti yao Nekesa alikuwa shule ya upili. Mimi sikuwa na ndugu hata mmoja Nairobi, na watu hao walinichukua. Nikiugua niliona uji mlangoni, na Jumapili sahani ya ugali na kuku ililetwa nitake nisitake.

Katika ploti ile tulikuwa na desturi ya kuachiana funguo. Ukitoka unamwachia jirani, kwa sababu mtoto atarudi kutoka shule, au mvua itanyesha na nguo ziko kwenye kamba. Ufunguo wa akina Barasa ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wangu, na wangu ulikuwa kwao. Mtu aliyetembea na ufunguo wake mfukoni alisemwa. Waliuliza ana dhahabu gani huko ndani, na anatuona sisi ni watu wa namna gani. Nakueleza haya kwa sababu karibu sote tuliofanya kazi ile ofisi tulitoka katika ploti za namna hiyo, na kompyuta zilipokuja tulizitendea kama tulivyotendea milango yetu.

Ofisi yenyewe ilikuwa ndogo. Kazi yake ilikuwa kutunza rekodi za mafundi na vibarua waliostaafu kutoka karakana za serikali, ili hospitali zijue ni nani mwenye haki ya kutibiwa bila kulipa. Zamani zilikuwa faili za karatasi. Kisha ikaja kampuni moja kutoka nje, ikatuwekea kompyuta na mfumo wake, wakubwa wakakata utepe, tukala keki. Faili zikateremshwa stoo ya chini, ambako maji ya mvua yaliingia, na hakuna aliyejali kwa kuwa tulikuwa watu wa kisasa.

Kila karani alipewa neno lake la siri la kuingilia, lakini sisi wadogo maneno yetu yalituruhusu kutazama tu. Neno la kubadilisha rekodi alipewa mtu mmoja, karani mkuu, Mama Mumbua. Mama huyo alikuwa na moyo mkubwa kuliko jengo lile. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na matanga yakitokea, yawe Kitui yawe Kariobangi, utamkuta jikoni amejifunga leso. Akiondoka hakutaka wazee wangoje kwenye foleni bure, basi akatupa neno lake. Lilikuwa jina la kitinda mimba wake. Tulilijua sote. Mama wa chai alilijua. Askari wa mlangoni alilijua, na mtoto huyo alipokuja ofisini wakati wa likizo askari alimpokea akisema, "Paswadi imefika, fungueni." Tulicheka sana.

Mara moja mkubwa wetu, Bwana Kilonzo, alijaribu kumwonya. Mama Mumbua alimtazama kwa huzuni ya kweli.

"Sasa, Bwana Kilonzo, nikiwanyima hawa watoto, si wataona nawaona wezi?"

Bwana Kilonzo akarudi ofisini mwake, maana hata yeye alilitumia.

Sasa usikie upande wa pili, na hapo ndipo hasira yangu hupanda hadi leo. Neno la siri lilikuwa la kila mtu, lakini rekodi yenyewe mwenye rekodi hakuruhusiwa kuiona. Mzee akija dirishani kuuliza serikali imemwandikaje, tulimwambia hayo ni mambo ya ndani, ni usalama wa serikali. Skrini tuliielekeza ukutani. Kwa hilo tulikuwa wakali kama polisi. Kompyuta nayo, ukiuliza ni nani aliyebadilisha kitu, ilijibu Mama Mumbua, basi, hata siku ambazo Mama Mumbua alikuwa Kitui akipika mchele wa matanga. Na tumboni mwa mfumo ule mlikuwa na nini, hakuna mtu katika jengo letu aliyejua. Kampuni ilisema hiyo ni siri yake ya biashara, na wakubwa wetu wakatia sahihi. Rekodi zilikuwa zetu, lakini hata nakala ya kusoma wenyewe bila mashine zao hatukuachiwa.

Mzee Barasa alikuwa na binamu aliyefanya kazi karakana ya Kisumu. Wote wawili walipewa jina la babu yao mmoja, kama wanavyofanya kwao, kwa hivyo katika kompyuta walikuwa Barasa wawili, majina yale yale, kazi ile ile. Yule wa Kisumu akafariki. Habari ililetwa ofisini kwa simu. Mtu fulani, kwa huruma tu, ili wafiwa wasilazimike kusafiri hadi Nairobi, akafungua kompyuta kwa jina la yule mtoto wa Mama Mumbua na kuandika kwamba Barasa amefariki. Akamwandika Barasa ambaye siye.

Mzee wetu hakujua lolote. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kiatu kilikuwa kimemchubua kidole cha mguu. Kidonda kikakataa kupona. Daktari akamwambia kidole kikatwe mapema, mguu utasalimika, na akampa siku ya upasuaji. Siku hiyo alivaa koti lake la kanisani akaenda na Nekesa. Hospitali ikatafuta jina lake, ikamrudisha. Walimwambia tu kwamba kuna shida, aende ofisi inayomhusu.

Ofisi hiyo ni yetu. Alipanda ngazi akimshika Nekesa bega, na aliponiona dirishani uso ukamnawiri. Alijua sasa amefika kwa mtu wake.

"Kalekye, mwanangu," alisema, "hospitali wanasema niko na shida kwa kompyuta. Hebu niangalilie."

Niliangalia. Nikasoma, nikasoma tena. Nikamwita Mama Mumbua, naye akamwita Bwana Kilonzo, na karani mmoja aliyechungulia begani kwetu akasema, "Ai, mzee, kumbe ulishatuacha." Ndipo wale wawili watatu walipocheka. Barasa naye alitabasamu.

"Basi nifufueni," alisema. "Lakini mfanye haraka, mguu unanisumbua."

Mama Mumbua alijaribu. Mfumo ukakataa. Waliouunda waliona mtu akishafariki hana sababu ya kurudi, kwa hivyo njia ya kumrudisha hawakuiweka. Aliyeweza kuingia huko ndani ni fundi wa kampuni peke yake, na kampuni ilikuwa imegombana na serikali juu ya mkataba, mafundi wake wameshaondoka nchini. Hatukuwa na njia ya kuurekebisha wenyewe, na hata tungempata kijana mwerevu kama wewe, asingekuwa na pa kuanzia.

"Waandikie hospitali tu, mkubwa," nilimwambia Bwana Kilonzo. "Mwenyewe si huyu hapa?"

Bwana Kilonzo alifunga mlango wa ndani ili wananchi wasisikie, ingawa dirisha lilikuwa wazi na Barasa alisikia kila neno.

"Niandike kwamba sistemu ya serikali imekosea? Nikiulizwa nani aliingiza hiyo kitu, nitasema nani?" Akatutazama mmoja mmoja. "Nawauliza. Nani aliingiza?"

Ninaapa, mwanangu, hatukuwa tunaficha. Hatukujua. Kompyuta ilimtaja Mama Mumbua, na siku ile iliyoandikwa Mama Mumbua alikuwa mazishini, kila mtu anajua. Bwana Kilonzo akiandika ukweli, itabidi aeleze kwamba ofisi nzima ilikuwa ikitumia neno la mtu mmoja, na wa kwanza kufukuzwa ni mama aliyetupikia sote tulipofiwa. Hakuna aliyetaka kumwangusha mama huyo. Tukamlinda. Sura zetu zote zilikuwa za huruma.

"Mimi sitafuti mtu wa kufungwa," Barasa alisema kutoka dirishani, taratibu. "Natafuta mguu wangu."

Bwana Kilonzo alimwambia avumilie kidogo, suala lake linashughulikiwa. Nekesa, mtoto wa shule, alikuwa amesimama kando ya babake akitutazama. Sikupenda jinsi alivyotutazama na bado sikuelewa kwa nini.

Nilishuka stoo kutafuta faili lake la zamani, nikidhani karatasi itamwokoa. Niliyakuta mafaili yameshikana kama mkate uliolowa, na ukijaribu kufungua moja yanachanika mawili. Nilikaa huko chini nikalia, kisha nikajipangusa nikarudi mezani, kwa sababu foleni ilikuwa inangoja.

Jioni nikitoka kazini nilikuwa nikichukua ule ufunguo msumarini na kuingia kumchemshia mzee chai, kwani Mama Nekesa hurudi sokoni kumekuchwa. Mwanzoni aliniuliza kwa utani, "Wamenifufua leo?" Nami nilijibu, "Bado, baba, labda kesho." Alikuwa akisema basi mniandalie hata matanga mazuri, nile nyama yangu mwenyewe nikiwa hai. Tulikuwa tukicheka. Kisha utani ukapungua, akawa anauliza tu. Kisha akaacha kuuliza. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini na chumba kilikuwa na harufu ambayo hata dawa ya kunawia haikuificha.

Majirani walichanga wakampeleka kwa daktari wa mtaani, akasafisha kidonda, akasema wazi kwamba hii ni kazi ya hospitali kubwa. Walimrudisha kule kule alikokataliwa, akakataliwa tena. Hali ilipokuwa mbaya kiasi cha mtu kutoitambua sauti ya mkewe, hapo akapokelewa kama mgonjwa wa dharura asiye na jina, maana jina lake halikukubalika. Wakakata mguu juu ya goti. Lakini sumu ilikuwa imeshaingia damuni. Mzee Barasa alifariki akiwa na kibandiko mkononi kilichosema mwanamume, hajulikani, na mkewe amekaa pembeni yake amemshika.

Unafikiri yameishia hapo. Mafundi wale walikuwa na haki ya gari la serikali la kuwasafirisha hadi nyumbani kwao kuzikwa. Mama Nekesa alikuja dirishani na karatasi ya kifo kutoka hospitali. Mama Mumbua aliingiza habari za kifo. Mfumo ukakataa. Mtu huyu, ukasema, alishafariki.

Mama Nekesa hakupiga kelele. Aliweka tu viganja vyake juu ya kaunta.

"Sasa huyu niliye naye mochari," aliuliza, "ni nani?"

Bwana Kilonzo aliingia ofisini mwake. Mama wa chai alikuja akamshika mkono Mama Nekesa akamketisha, na hiyo ndiyo huduma pekee iliyotolewa na ofisi yetu siku ile.

Siku ya kusafirisha mwili, kwa gari la kukodi, Nekesa aligonga mlango wangu. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani. Nilitaka kumkumbatia, akarudi nyuma nusu hatua.

"Auntie, niambie tu ukweli. Ni nani aliandika?"

"Sijui, Nekesa."

"Hujui, ama hutaki kusema?"

"Sijui, mama. Kweli kabisa."

"Lakini si wewe ulikuwa huko?" Alinitazama, na hakuwa na hasira usoni, alikuwa anauliza kama anavyomuuliza mwalimu wake swali la hesabu. "Kama ni wewe ulibonyeza, ungejua?"

Nilifungua mdomo niseme kwamba si mimi. Lakini ningejuaje? Nilikuwa nikipokea simu kama wengine. Nilikuwa nikilitumia neno lile kila siku, nikiandika majina ya watu nisiowajua, waliohama, waliooa, waliofariki, na jioni sikukumbuka hata moja. Siwezi kuapa kwamba si mkono wangu, na siwezi kuapa kwamba ni wangu. Nimezeeka bila kujua. Wenzangu wa ofisi ile, waliobaki hai, nao hawajui. Mtu akifanya kosa na akalijua, anaweza kupiga magoti aombe msamaha. Mimi nitapigia nini magoti?

Nekesa alinyoosha mkono nyuma ya mlango wangu akautoa ufunguo wao msumarini. Kisha akatoa mfukoni ufunguo wangu akauweka juu ya meza, taratibu, asije akaonekana ameutupa. Walipotoka alifunga mlango wao akaweka ufunguo mfukoni. Walirudi kutoka Bungoma kufungasha vitu tu, na sijawaona tena. Nasikia Nekesa alienda kuishi kwa shangazi yake huko Webuye. Nimewahi kumtafuta, nikaacha, kwa sababu nikimpata bado sina jibu la kumpa.

Mama Mumbua aliomba kustaafu mapema. Hadi alipofariki alikuwa akiomba msamaha kanisani kwa jambo ambalo huenda hakulifanya. Bwana Kilonzo alipandishwa cheo. Ikaja kampuni nyingine na mfumo mwingine, utepe ukakatwa, keki ikaletwa, mimi sikula.

Basi wewe, mwanangu, unaingia mahali kama hapo. Najua wenzako watakuwa wazuri, watakuita matanga na harusi, na siku moja mmoja atakuambia nisaidie na paswadi yako, niko na haraka, mwananchi anangoja. Mkatalie. Mkatalie ukitabasamu, mnunulie chai baadaye, lakini mkatalie, na ukiona yeye anakupa yake, mrudishie. Watasema umejiona, watasema una roho mbaya. Acha waseme. Funguo za nyumba tuliachiana kwa sababu nyumbani tulijuana sura, na kitu kikipotea tulijua nani wa kuuliza. Kompyuta haijui sura ya mtu. Inajua neno tu, kwa hivyo neno hilo liwe la mtu mmoja, na kila linachogusa kiandikwe kwa jina lake, awe karani mdogo au mkubwa wenu. Hapo utakuwa unamlinda Mama Mumbua kweli, si kama sisi tulivyomlinda.

Lakini usiishie kufunga, kwa sababu kufunga tulikujua, tulifunga vibaya tu. Ukishafunga pale pa kufungwa, fungua pale pa kufunguliwa. Mzee akija aone jinsi alivyoandikwa, na aone ni nani aliyemwandika hivyo, skrini mgeuzie, ni jina lake hilo. Angeliona mapema Barasa wetu, angesema si mimi, ni binamu yangu, na mambo yangeisha kwa kicheko. Kifo kisiandikwe na mkono mmoja. Wa pili athibitishe, na iwepo njia ya kurudi mkikosea, kwa sababu mtakosea. Wakubwa wakitaka kununua mfumo ambao hakuna mtu wa hapa atakayeruhusiwa kuufungua tumbo na kuusoma, sema. Utatetemeka, lakini sema. Waambie wale wanaouza lazima watuachie rekodi zetu kwa namna yoyote fundi mwingine anaweza kuzisoma, na wengine waruhusiwe kuukagua na kuonyesha matundu yake kabla mwizi hajayaona. Yeyote atakayekuambia kwamba usalama ni kumficha mwenye jina jina lake, muulize anamlinda nani. Na nakala, jamani, ziwekeni mahali pasipovuja.

Nimesema sana na pilau yangu imepoa. Nenda kazini kesho, vaa lile koti jipya, usimwogope mtu. Mungu aibariki mikono yako, isimwandikie mtu baya kwa bahati mbaya wala kwa kusudi. Akupe wakubwa wasikivu, na akikunyima hao, akupe kifua cha kusimama mbele yao. Awe nawe mbele ya kila jina utakalolifungua, na akukumbushe kwamba nyuma yake kuna mtu anapanda ngazi akishika bega la mwanawe. Na siku mtoto wa mtu atakapogonga mlango wako akuulize ni nani aliandika, Mungu akujalie, mwanangu, uwe na jibu.